Mlezi wa Kuku wa Sinema

Jumatatu, 14 Julai 1975. Ihanja.

Watu wote hapa wanaisimulia vibaya habari hii. Nimewasikia kisimani, nimewasikia nje ya kanisa, nimewasikia kwenye pombe. Wanasema watu wa sinema walipokuja mwaka jana walimwona Klara anamkimbiza kuku, wakampenda, basi. Uongo. Waliniona mimi kwanza. Mimi, Urbano Mughwai, nimekaa juu ya jiwe langu nanusa ugoro. Yule mwenye mashine akasema huyu mzee ana sura. Nikamwambia sura hii imeshafanya kazi yake, lakini nina mjukuu anayo hii hii, mpya. Ndipo akaitwa Klara. Ilikuwa hivyo. Mimi sibuni.

Naandika kwa sababu Mwalimu Redempta wa kisomo cha watu wazima katupa kila mtu daftari. Kasema andikeni mambo yenu ya kila siku, mkono ulainike. Wenzangu wanaandika "leo nimelima". Mimi nina mambo.

Jambo lenyewe. Leo imekuja barua. Mwenyekiti wa kijiji, Alute, kaisoma mbele ya ofisi, kasoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya mkutano. Ile sinema waliyopiga hapa wakati tunahamia kijijini imepelekwa kwenye tamasha la sinema, mji wa mbali sana, watu wanavaa makoti hata mchana. Huko wana tuzo ya watoto waliocheza kwenye sinema. Watoto tu. Mkubwa hata aigize mpaka azimie, hapati. Kapata Klara wetu. Miaka tisa, meno mawili ya mbele hana.

Tuzo inaletwa Singida mjini Jumamosi ya tarehe 26. Na sinema itaonyeshwa. Mtoto aje na mzazi au mlezi. Mmoja. Gari litakuja kuwachukua.

Mama yake ni Martha, binti yangu. Kajifungua juzi juzi, hawezi kurushwarushwa kwenye gari. Baba yake, Paskali, yuko Tabora kwenye kazi ya reli. Kabaki nani? Nimerudi nyumbani polepole, watu wapate nafasi ya kuniamkia. Shikamoo kumi na nne. Jana zilikuwa tano.

Jumanne, 15 Julai.

Leo nimemwambia Klara anieleze sinema yote tangu mwanzo, maana siku zile mimi nilikuwa nasimamia kazi. (Nilikuwa nimelala. Jua lilikuwa kali.)

Kasema ni hivi. Kuna mtoto anahamia kijijini na kuku wake. Kuku hataki. Akiletwa nyumba mpya, anarudi kwenye tembe ya zamani. Mtoto anamfuata. Mara tatu. Mwisho kuku anataga kijijini, watu wanacheka, imekwisha. Nikasema hiyo ni kweli tupu. Kuku wetu wote walirudi. Hata mimi nilirudi mara mbili, nikasema nimesahau shoka.

Halafu Klara kasema, huku anachambua kunde, wala hakuinua kichwa. Babu, na bibi yumo.

Nikamwuliza bibi gani.

Kasema bibi Anastazia. Mara ya tatu, namfuata kuku, bibi anapita nyuma yangu na kibuyu cha maji. Yule bwana alimwomba apite tena, bibi akamwambia maji nimeshateka, siteki mara mbili kwa ajili ya macho yako.

Kunde zikaendelea kudondoka kwenye ungo.

Anastazia tulimzika Kwaresima hii. Miaka arobaini na moja tumekaa pamoja. Hakuna picha yake. Hata moja. Mpiga picha alipopita hapa na sanduku lake la miguu mitatu, yeye aliingia ndani akafunga mlango. Alisema sura yake haitembei bila mwenyewe. Sasa inatembea. Imezungushwa ndani ya bati kama ukanda, inakwenda kwenye miji ya makoti, na mwenyewe amelala kule makaburini.

Mchana Martha alikuwa kaanika shuka jeupe. Upepo ukawa unalijaza na kulimwaga. Kivuli cha mti wa mnyaa kikapita juu yake, kikarudi, kikapita. Nikaweka kiti mbele. Nikangoja. Nilikaa pale mpaka shuka likakauka. Martha akaniuliza, baba, unalinda shuka? Nikasema ndiyo, siku hizi kuna wezi.

Lazima niende Singida. Hili si la kujadili.

Ijumaa, 18 Julai.

Limejadiliwa. Kaja Melkizedeki.

Huyu ni babu mwingine wa Klara, wa upande wa baba, Mnyiramba wa Kinampanda. Mtani wangu tangu zamani. Watoto wetu walioana kwa sababu sisi wawili tulikuwa tunatukanana kila mnada, wao wakawa wanasimama pembeni kuona aibu pamoja. Mrefu, mkavu, kofia haivui mpaka aombwe. Na barua kapata vilevile. Watu wa sinema walipomwuliza Klara kwenu wapi, mtoto alitaja kote kote.

Kashuka kwenye lori kavaa koti. Lina vifungo vyote. Kaniambia Mnyaturu, bado hujafa? Nikamwambia nakungojea utangulie, njia ni nyembamba. Akacheka, akala ugali wangu, akala na wa kesho. Halafu akasema kaja kumchukua mjukuu wake ampeleke Singida kupokea tuzo. Mjukuu wake. Kalitamka hilo "wake" kama mtu anayekaa kitini.

Nimemwambia mlezi ni mimi. Kasema mlezi ni yeye. Martha kasema nendeni mkabishane kwa Alute, hapa kuna mtoto mchanga. Alute kasema Jumapili baada ya misa.

Nimekwenda kukaa kwenye jiwe kufikiri.

Jumapili, 20 Julai.

Niandike kwanza jambo ambalo hapa kila mtu analijua. Sisi Wanyaturu mtoto ni wa baba. Jina la baba, ng'ombe wa baba, ukoo wa baba. Wanyiramba, kwa mila ya wazee wao, wanahesabu kwa mama. Mtoto ni wa kina mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Sasa angalia balaa hilo. Kwa mila yangu, Klara ni wa Melkizedeki. Kwa mila ya Melkizedeki, Klara ni wangu.

Nimelifikiri siku mbili. Nikaamua leo mimi ni Mnyiramba.

Nikasimama wa kwanza, nje ya ofisi, watu wamejaa. Nikasema ndugu zangu, sasa tuko kijiji kimoja, taifa moja. Lazima tuheshimu mila za mgeni wetu. Kwao Kinampanda mtoto ni wa kina mama. Basi, kwa heshima ya mababu zake, mtoto ni wetu, na mimi nitabeba mzigo huo mpaka Singida. Watu wakapiga makofi. Wengine walifuta macho. Niliongea vizuri sana.

Melkizedeki kasimama. Kavua kofia bila kuombwa, nikajua mambo yameharibika. Kasema yeye alifundishwa kwamba mgeni anafuata sheria ya mwenyeji. Hapa ni Unyaturuni. Kwa Wanyaturu mtoto ni wa baba. Kwa hiyo, kwa heshima ya mababu wa Mzee Mughwai, mtoto ni wake. Na anasikitika kumwona mzee mzima anawauza mababu zake mchana kweupe.

Nikamwambia mababu zangu niachie mwenyewe, ashike wa kwake.

Akasema wa kwake umeshawachukua wewe, Mnyaturu, nitashika nini?

Watu walianguka. Mama mmoja alimwangusha mtoto mgongoni kwa kicheko, mtoto naye akacheka. Alute kafuta miwani. Kasema tangu tuhamie kijijini hajaona umoja kama huu, Mnyaturu kageuka Mnyiramba na Mnyiramba kageuka Mnyaturu ndani ya nusu saa. Halafu kakata. Mila ya mwenyeji. Mtoto ni wa baba. Melkizedeki ndiye mlezi.

Nimeshindwa na mababu zangu wenyewe. Watu wasio na shukrani. Kila mavuno nawamwagia pombe.

Ningetaja habari ya Anastazia, ningepewa. Najua. Alute alimpenda, Anastazia alikuwa anamkaripia kama mwanawe. Lakini ukiwa mtu mzima husimami mbele ya kijiji kuomba ruhusa ya kumtazama mkeo.

Jumatatu, 21 Julai.

Nimeamka na akili. Imekuja yenyewe, kama mbuzi anavyorudi zizini.

Nimekwenda kwa Alute mapema. Nimemwambia barua imesema mtoto, lakini je, kuku? Kasema kuku gani. Nikamwambia Mwenyekiti, sinema ni ya mtoto na kuku. Wakubwa wa mkoa watamwona mtoto, watapiga makofi, halafu watauliza, na yule kuku? Ihanja imemfanya nini? Ataulizwa Mwenyekiti. Alute anaogopa kuulizwa kuliko nyoka. Kakuna kichwa, kachukua karatasi, kaandika: Ndugu Urbano Mughwai, mlezi wa kuku. Kapiga mhuri. Karatasi iko chini yangu sasa, naikalia isipeperuke.

Melkizedeki kaisoma karatasi, kaigeuza, kaisoma upande usioandikwa. Kasema hongera kwa cheo.

Mchana nililala kidogo mlangoni. Nikaota niko ndani ya mwanga. Hakuna ardhi, kuna weupe tu, kama shuka lisilo na kamba. Nikasikia maji yanapigapiga ndani ya kibuyu, ile sauti yake akiwa anapanda kutoka kisimani, hatua yake na maji, hatua yake na maji. Nikataka kugeuka. Kuku kanidonoa kidole.

Kuna tatizo dogo. Kuku wa sinema hayupo. Aliliwa.

Na aliyemla ni Melkizedeki. Kwenye msiba wa Anastazia alikuja kama mtani anavyokuja. Kaingia, kalala chali kwenye kitanda changu na viatu vyake, kasema kwa sauti kwamba Anastazia hajafa, amechoka kunipikia tu, anajificha. Watu wakacheka na machozi yanashuka. Halafu akamkamata yule kuku, kishingo asiye na manyoya shingoni, wa madoa meusi na meupe, akasema hatoki hapa msibani mpaka huyu aingie chunguni. Mtani msibani hanyimwi kitu. Nilimchinja mwenyewe. Klara alilia mara mbili siku ile.

Kweli, Melkizedeki ndiye peke yake aliyenichekesha wiki ile. Hilo naliandika humu tu.

Jumatano, 23 Julai.

Siku mbili natembea natafuta kishingo wa madoa. Nimekuta vishingo wekundu. Nimekuta wa madoa wenye shingo zilizojaa manyoya kama za mapadri wakati wa baridi. Hatimaye kwa Magdalena, yule mjane wa ng'ambo ya korongo. Huyo huyo. Shingo tupu, madoa kila mahali pake. Nilikaribia kumwita jina.

Magdalena kasema huyo ni jogoo.

Nikamwuliza ameshawika? Kasema bado, mdogo. Nikamwambia basi bado hajasema yeye ni nani, sisi ni nani tumsemee? Kanikopesha kwa ahadi kwamba arudi mzima, na kwamba nitamtengenezea mlango wa jikoni. Kasema kwa kidole, mzima, Mzee Mughwai.

Nyumbani nikampaka majivu kwenye upanga wa kichwani, usionekane mwekundu. Klara kasimama kamtazama muda mrefu. Kasema babu, huyu jogoo. Nikamwambia wewe ulicheza kuwa mtoto anayelia kwa ajili ya kuku, na ulikuwa hulii kweli. Na huyu anacheza. Klara kacheka na lile pengo lake. Halafu kaniuliza kwa sauti ndogo, babu, unataka kwenda kumwona bibi? Nikasema nataka kwenda kulinda kuku.

Jumamosi, 26 Julai. Nimerudi. Naandika kabla mkono haujasahau.

Asubuhi Landrova. Melkizedeki mbele na koti lake, Klara katikati, kavaa gauni la komunio la Martha limekunjwa mara tatu. Mimi nyuma na tenga limefunikwa kitambaa. Vumbi lote la wilaya nimekula mimi na jogoo. Mawe yakapita, makubwa, yamepandana kama watu waliogombania kiti. Halafu ziwa la Singida. Maji yamerudi nyuma, chumvi imebaki, weupe umetandikwa mpaka mwisho wa macho. Nikaona kwa nini watu wa sinema walikuja mkoa huu. Shuka liko tayari. Wale ndege wekundu wa miguu mirefu wamesimama ndani yake hawafanyi kitu. Nikamgonga Melkizedeki begani nikamwambia wasalimie watu wa kwenu. Kasema ameshawaona, wanamwuliza huyu mzee wa kuku ni nani.

Ukumbi wamefunika madirisha kwa mablanketi. Nje mchana, ndani giza la kitandani. Watu wamejaa. Kaja Bwana Gasto, mtu wa sinema, yule yule mwenye mashine, kanenepa. Kanishika mkono, hakunikumbuka, nikamsamehe. Kaniuliza huyu ndiye yule kuku? Nikasema ndiye. Kauliza anataga bado? Nikasema kila siku, Jumapili mawili.

Melkizedeki kakohoa. Kainama sikioni kwangu. Kasema Mnyaturu, yule kuku nilimla mimi. Paja lake lilikuwa gumu kama swali. Nikamwambia nyamaza. Kanyamaza. Nilidhani atasimama aseme, kiti chake kilikuwa mbele, angesema tu. Badala yake kakaa hapo hapo kando yangu, safu ya tatu, kofia magotini.

Taa zikazimwa. Mashine ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Mwanga ukatoka kwenye tundu, ukapita juu ya vichwa, vumbi likawa linaogelea ndani yake.

Na Ihanja ikatokea ukutani. Ihanja ya zamani. Tembe yetu iko wima, moshi unatoka, na mimi najua ilishaanguka, nimechukua mwenyewe nguzo zake nikajengea choo. Pale iko. Mlango uko wazi. Klara mkubwa kuliko nyumba, machozi yake kila moja kama boga. Kuku yule anatembea, marehemu, amenona. Melkizedeki kajilamba mdomo, nilimsikia.

Mara ya kwanza kuku karudi. Mara ya pili kuku karudi. Nikashika kiti. Mara ya tatu. Klara anashuka ile njia ya kisimani, na nyuma yake, pembeni, kitu kinaanza kuingia, ukingo wa khanga.

Jogoo kaamka.

Yeye naye ana haki yake. Tangu asubuhi yuko gizani chini ya kitambaa. Kitambaa kikateleza, kaona mwanga mkubwa umetoka upande mmoja wa dunia. Kafikiri kumekucha. Kafanya alichozaliwa kufanya. Kawika. Mara ya kwanza maishani mwake, kawika kama tarumbeta ya jeshi, karuka juu ya watu akaenda kulipokea jua. Katua juu ya meza ya mashine mbele ya lile tundu, kapiga mabawa. Ukutani hakuna Ihanja tena. Kuna jogoo mkubwa kama mlima, mabawa yanafungua na kufunga, na watu wanapiga kelele, na majivu yananyesha.

Walipomkamata, kuku wa sinema alikuwa keshataga. Watu wa ukutani wanacheka. Watu wa ukumbini wanacheka. Ikaisha.

Niliona manyoya. Anastazia sikumwona. Mimi ndiye niliyemleta jogoo yule. Nilimbeba mwenyewe, magotini, kwa uangalifu.

Taa zikawaka. Bwana Gasto kamshika jogoo kwa miguu, kamgeuza, kaniambia Mzee, huyu ni jogoo. Nikasema safari imembadilisha. Ukumbi mzima ukalala kwa kicheko. Siku nyingine ningefurahi.

Halafu wakamwita Klara. Mgeni rasmi kampa tuzo, mtoto wa shaba kainua nyota, mzito mpaka Klara kamshika kama mdogo wake. Kaambiwa aseme neno. Alikuwa na neno, Mwalimu Redempta alimkaririsha wiki nzima, nawashukuru viongozi na wanakijiji wote. Klara kafungua mdomo. Kasema, naomba mrudishe pale bibi anapopita. Bibi yangu amekufa. Babu hakumwona, jogoo kamziba.

Watu wote wakanigeukia. Hata jogoo.

Bwana Gasto katazama saa. Kasema kwa upole kwamba mashine ina taratibu zake, wageni wana safari, na bado iko hotuba ya mlezi. Mlezi ni Melkizedeki. Hotuba yake nimeiona, kurasa mbili, kaiandika na mtu wa Kiomboi, alinisomea njia nzima na mimi nikajifanya vumbi limeingia masikioni.

Melkizedeki kasimama. Kaitoa hotuba kwenye koti. Kaikunja mara mbili, kaikunja mara nne, kaitia ndani ya kofia, kaivaa. Kasema, dakika zangu mpeni huyu mzee wa kuku. Kakaa. Hakunitazama.

Taa za ukumbi zikazimwa tena, fundi wa mashine kairudisha ile mikanda bila kuzima taa ya mashine. Nikaona kitu ambacho sitakisahau. Ihanja nzima inatembea kinyumenyume. Yai linaingia ndani ya kuku. Watu wanaacha kucheka, wanachukua mizigo, wanarudi kinyumenyume kijiji kizima mpaka kwenye tembe za zamani. Moshi unashuka, unaingia ndani ya paa. Machozi ya Klara yanapanda machoni. Hakuna aliyecheka. Wazee waliokuwamo mle ukumbini waliinuka kidogo vitini, kama wanaotaka kwenda nao.

Halafu fundi kaigeuza ikaja mbele. Na Anastazia akapita.

Khanga ile ya maua ya kahawia. Kibuyu begani. Kisigino kile cha kushoto kinakanyaga nje kidogo. Alipofika karibu na mlango akageuka. Akanitazama mimi, pale pale safu ya tatu. Akacheka kile kicheko alichonicheka siku niliposingizia shoka.

Jumapili, 27 Julai.

Tumefika na kijiji kizima kinajua. Wote wanakosea. Wanasema jogoo kala sinema. Wanasema nimefungwa. Wengine wanasema tuzo kapewa jogoo. Nimesimama nje ya kanisa nikasahihisha. Nikaeleza mwanga, nikaeleza watu kurudi kinyumenyume, nikaeleza Anastazia alivyogeuka akanicheka. Klara alikuwa pale, tuzo mikononi, akanitazama tu.

Alute, mtu wa kuuliza, kamgeukia Melkizedeki. Kweli aligeuka?

Melkizedeki kavuta koti. Kasema aligeuka. Amemwona kwa macho yake. Tena kamwonyesha Mnyaturu kidole.

Mchana akapanda lori kwenda kwao. Tulipoagana kaingiza mkono ndani ya tenga langu, kamtoa jogoo, kamweka chini ya koti. Kasema huyu nakwenda naye, ladha ya ukoo ule nimeshaizoea. Mtani kashika. Ningemwambia nini?

Jogoo ni wa Magdalena. Mzima, alisema, kwa kidole.

Jumatano, 30 Julai.

Magdalena kaja mara tatu. Mara zote nilikuwa nimekwenda kutafuta shoka. Badala ya mlango mmoja wa jikoni nitamtengenezea miwili.

Mwalimu Redempta kasema sinema wanaipeleka Manyoni tarehe 16 Agosti. Tuzo nayo inatakiwa iwepo, na mtoto. Nimekaa juu ya jiwe. Nimekumbuka kwamba mwanzoni kabisa, kabla ya kuku, kuna mbuzi anapita. Mweupe, sikio limekatika. Hakuna aliyemfikiria. Nimemwandikia Bwana Gasto barua, mwenyewe, kwa mkono wangu, kwamba mbuzi yule yuko salama ila ana hofu ya safari na anahitaji mlezi wake. Mbuzi sina. Jirani yangu Antipasi anaye mmoja anayefanana, masikio yote mawili, tutaona. Nimehakikisha ni jike.

Basi. Daftari hili anasoma Redempta tu, naye anaangalia herufi. Kwa hiyo nalisema mara moja. Anastazia hakugeuka. Alipita. Mgongo, kibuyu, kisigino, hatua sita, akaingia mlangoni. Kugeuka nimeweka mimi.

Lakini Manyoni wanaionyesha tena, na safari hii nitakaa mbele zaidi.